Kuanzisha timu ya wasichana mtaani: mwongozo kamili kwa mama na dada wanaojitolea

Mtu akiamua kuwasaidia wasichana wa mtaa wake wacheze, kitu cha kwanza kinachomjia ni mpira. Anakwenda mjini ananunua mipira miwili, anaomba jezi kwa mfanyabiashara anayemfahamu, na Jumamosi ya kwanza uwanja unajaa. Mwezi wa pili wamebaki wanane, na hao wanane wanakuja kwa kuibia. Mipira ipo, jezi zipo, wachezaji hawapo. Huku Tanga timu za namna hiyo nimeziona zikizaliwa na kufa, na karibu zote zilikufa kwa mambo matatu yasiyouzwa dukani: saa ya mazoezi, ruhusa ya nyumbani, na uwanja. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hayo. Vifaa utavikuta chini, na nitavipitia haraka.

Nimeuandika kwa anayefanya kazi na serikali ya mtaa na halmashauri za Tanzania Bara. Aliyeko Unguja, Mombasa au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi na taratibu za serikali yake.

Saa kwanza

Mvulana wa miaka 13 akitoka shule yuko huru mpaka magharibi. Dada yake akitoka shule kuna maji, vyombo, mdogo wa kubebwa, jiko la jioni, twisheni au chuo cha Kurani. Ukipanga mazoezi saa 10 jioni kila siku kwa kuwa ndiyo saa ya wavulana, umeshawaacha nusu ya wasichana nje kabla hujapuliza filimbi.

Fanya hivi. Chukua daftari, keti na wasichana kumi au kumi na tano wa rika mbalimbali, na kila mmoja akusimulie siku yake kuanzia anapoamka. Usiwaulize "una nafasi saa ngapi?" maana watakujibu unachotaka kusikia. Waulize nani anachota maji, saa ngapi, chuo wanaingia lini, mama anarudi sokoni muda gani. Ukimaliza utaona mianya yenyewe. Pwani, vyuo vingi vya Kurani hupumzika Alhamisi na Ijumaa, na jioni hizo mbili ni dhahabu. Jumamosi asubuhi saa 1 hadi saa 2:30 nayo inafaa sana, kabla ya kufua na kabla ya jua kali.

Mara mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Na panga kumaliza saa 12 kasoro robo jioni, ili msichana anayekaa mbali afike kwao kabla giza halijaingia. Ukichelewesha mara moja, mzazi mmoja akimpokea mwanawe mlangoni usiku, habari inapita mtaa mzima.

Nenda nyumbani kwao

Fomu ya ruhusa ni lazima, lakini fomu haimshawishi mtu. Unakwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, jioni au Jumapili, na kama huna umri mkubwa nenda na mama anayeheshimika mtaani. Kaa, pokea maji, ulizia hali za watu, halafu sema shida yako.

Usianze na ndoto za kucheza Ulaya. Wazazi wamechoka kuuziwa ndoto. Anza na mambo yanayowahusu: mazoezi ni siku gani, yanaisha saa ngapi, nani atakuwepo, na kwamba msichana aliyeshuka darasani atapumzishwa mpaka arekebishe. Baba mmoja aliniuliza, "Akiumia mguu nani atampeleka hospitali?" Swali hilo lijibu kwa jina la zahanati, jina la mtu atakayempeleka na fedha zitakapotoka. Ukilijibu hivyo, yanayobaki ni mazungumzo tu.

Pingamizi la mavazi utalikuta karibu kila nyumba ya Kiislamu, na jibu lake liko wazi. Tangu 2014 sheria za mpira wa miguu zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la Wanawake akiwa na hijabu yake. Taiti ndefu chini ya bukta, jezi ya mikono mirefu, mtandio wa kubana usio na pini: binti anacheza na hakuna kilichoonekana. Kwenye nyumba yenye wasiwasi zaidi, mwalike mama aje kukaa uwanjani siku ya kwanza. Wengi wakija mara moja hawaulizi tena, na wawili watatu watageuka kuwa wasaidizi wako.

Ukiombwa mifano, ipo ya kwetu. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamefuzu fainali za Afrika mara tatu, za 2010, za 2024 na za 2026. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada na kufika robo fainali. Aisha Masaka amecheza Sweden kisha Uingereza. Itaje kwa kifupi, kisha rudi kwenye saa ya kurudi nyumbani, maana hilo ndilo mama analopima.

Fomu yenyewe iwe ukurasa mmoja: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule, maradhi aliyonayo (pumu, kifafa, selimundu), namba mbili za simu za watu wazima, nani anaruhusiwa kumchukua uwanjani, na sahihi ya mzazi. Picha ziwe na ruhusa ya peke yake. Kuna mzazi anayekubali binti acheze na hataki sura yake ionekane WhatsApp, na ni haki yake.

Uwanja ni siasa

Kila uwanja wa mtaani una wenyewe, hata kama hakuna karatasi. Wapo wakubwa wa ndondo, yaani mechi za mitaani, ipo timu ya vijana iliyoanza zamani, yupo mzee anayefunga mbuzi wake golini. Ukiingia kwa nguvu mtafukuzwa, na wasichana ndio watakaotukanwa.

Kabla ya kuomba, hesabu. Kwa wiki mbili pita uwanjani kila jioni na uandike nani anautumia na kwa muda gani. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko hotuba. Ukifika kwa mwenyekiti wa mtaa na kumwonyesha kwamba wavulana wana saa 20 kwa wiki na wasichana sifuri, na wewe unaomba tatu, anakosa pa kuanzia kukataa. Hesabu hizo utazitumia tena kwenye mikutano.

Kisha zungumza na wenye uwanja ana kwa ana kabla ya barua. Msalimie mkubwa wao, mweleze unaomba siku gani, na mpe nafasi ya kutoa masharti. Mara nyingi watadai nusu uwanja ibaki yao. Kubali. Wasichana ishirini wanaoanza hawahitaji uwanja mzima, na watu wakizoea kuwaona pale, mpaka utasogea wenyewe.

Viwanja vya shule za msingi ni salama zaidi: kuna choo, kuna maji, kuna mlinzi. Barua kwa mwalimu mkuu ipite kwa mtendaji wa mtaa ili iwe na mhuri, na iwe fupi:

*YAH: OMBI LA KUTUMIA KIWANJA CHA SHULE KWA MAZOEZI YA WASICHANA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha kujitolea cha mtaa huu. Tunaomba kutumia kiwanja Alhamisi saa 10:15 hadi 11:45 jioni na Jumamosi saa 1:00 hadi 2:30 asubuhi, kuanzia mwezi ujao kwa miezi mitatu. Wasichana ni 24, wa miaka 10 hadi 16, wenye ruhusa za maandishi za wazazi. Watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, watakuwepo muda wote. Tutafagia choo na kiwanja kila Jumamosi. Orodha ya majina imeambatanishwa.*

Hiyo ahadi ya kufagia usiiache. Shule nyingi zimewahi kuachiwa uchafu na timu za watu wazima, na mwalimu mkuu atakukumbuka kwa ufagio. Omba miezi mitatu, si "daima"; muda mfupi unakubalika upesi, na kuongezewa ni rahisi.

Mchezo gani

Waulize wenyewe. Netiboli inapita kirahisi kwa wazazi, inahitaji wachezaji saba tu na eneo la mita 30.5 kwa 15.25, na tayari ipo kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari. Mpira wa miguu una ushawishi na una ngazi za kupanda hadi Ligi Kuu ya Wanawake. Ningekuwa kwenye mtaa mgumu ningeanza na netiboli na kuweka mpira wa miguu chini wakati wa kupasha misuli, mpaka macho yazoee.

Kuwatafuta wachezaji, usiende na tangazo. Nenda pale wanapocheza rede. Msichana anayekwepa mpira wa soksi huku anajaza chupa mchanga ana wepesi, ana jicho, na ana moyo wa kuvizia. Kocha wa wavulana anahangaika mwaka mzima kuvifundisha hivyo.

Waalike pia waliojifungua wakiwa wadogo. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shuleni, lakini wengi wanaona haya kurudi popote. Mtoto alale kwenye mkeka chini ya mwembe, bibi au mchezaji anayepumzika amwangalie. Timu inayowaona wao ni wasichana kama wengine inawarudisha haraka kuliko vikao vingi.

Siku ya mazoezi

Dakika 75 hadi 90, hakuna zaidi. Dakika 15 hadi 20 za mwanzo usizipunguze, hata wakilalamika wanataka mpira. Kano ya ndani ya goti huchanika kwa wasichana zaidi ya wavulana, mara nyingi bila kuguswa na mtu: anaruka, anatua, goti linaingia ndani, basi. Kinga yake ni mazoezi yasiyogharimu kitu. Wakimbie polepole, wachuchumae nusu huku goti likielekea lilikoelekea dole gumba, wasimame mguu mmoja wakirushiana mpira, waruke na kutua kwa miguu miwili wakiwa wamekunja magoti kimyakimya. Ndiyo, kimyakimya: ukisikia kishindo, ametua vibaya. Simama mbele yao uangalie magoti, si nyuso. Programu ya FIFA iitwayo 11+ imejengwa juu ya mambo hayohayo na inapatikana bure.

Baada ya hapo kila wasichana wawili wawe na mpira mmoja, hata wa makaratasi na kamba. Foleni ya watu kumi wakisubiri zamu ya kupiga golini ni kupoteza jioni. Wagawe wanne kwa wanne kwenye vipande vya hatua 30 kwa 20, magoli madogo ya mawe, bila kipa. Kila mmoja atagusa mpira mara nyingi, na yule mwoga hatapata pa kujificha. Dakika za mwisho ni za maji, kunyoosha viungo na tangazo moja. Moja tu.

Tafuteni wasichana wakubwa wawili wajifunze kuchezesha. Filimbi mkononi mwa binti wa miaka 16 inabadilisha namna wavulana wanavyomtazama. Kule Kilifi, Kenya, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwafanya wasichana wenyewe kuwa makocha, waamuzi na viongozi wa ligi zao, na ni mpango wa kuiga.

Mavazi na siku za hedhi

Bukta ziwe nyeusi au bluu iliyokolea. Kama mfadhili anataka nyeupe, mkatalie kwa adabu na umweleze sababu. Mwaka 2023 timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza nayo iliacha bukta nyeupe kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo huombi kitu cha ajabu.

Kwenye mfuko wa huduma ya kwanza ziwemo pedi, chupi safi mbili, kanga na sabuni. Mfuko ushikwe na mchezaji, usishikwe na kocha wa kiume. Asiyejisikia vizuri aseme neno moja, "napumzika," na asiulizwe. Anayetaka kucheza acheze, hakuna madhara. Ukimpata nesi wa zahanati aje mara moja kuwafundisha kushona na kufua pedi za kitambaa na kuzianika juani, utakuwa umewafanyia jambo litakalowafaa hata waliobanwa na bei ya dukani.

Usalama wao

Hapa nitakuwa mkali. Timu ya wasichana inavutia watu wema, na inavutia wengine pia. Andika kanuni siku ya kwanza, zisomwe mbele ya wazazi, na zimguse kila mtu mzima, wewe mwenyewe ukiwamo.

Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto: si darasani, si stoo ya vifaa, si kwenye bodaboda. Ujumbe unakwenda kwenye simu ya mzazi au kundi la wazazi, hauendi kwa mtoto usiku. Hakuna zawadi za siri. Kumgusa mchezaji ni kwa huduma ya kwanza tu, mbele ya wengine. Safari ya kulala ina mama wawili wanaofahamika na wazazi, na makocha wa kiume wanalala jengo jingine. Anayeona masharti haya yanamtukana, mwache aende. Kocha mzuri hayaogopi.

Teua mama mmoja asiye kiongozi wa timu awe wa kupokea malalamiko. Akiwa hana maslahi na ushindi, atasikiliza. Mtoto akisema amefanyiwa jambo, asihojiwe na kamati na lisipelekwe kusuluhishwa kifamilia. Aliyebakwa afikishwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Taarifa inakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na simu ya bure ya mtoto ni 116. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye ukuta wa stoo.

Vifaa na fedha

Unachohitaji kuanza: mipira mitano sita (saizi 4 kwa walio chini ya miaka 12, saizi 5 kwa wakubwa), chupa za maji zilizokatwa badala ya koni, vizibao vya rangi mbili, filimbi, mfuko wa huduma ya kwanza. Njumu zinasubiri. Wote wacheze peku au wote na raba, usichanganye na mwenye njumu.

Omba vitu, usiombe fedha. Mwenye duka la dawa atatoa bandeji kila mwezi bila kusikia uchungu. Mwenye hadwea atatoa mbao za goli. Fedha kidogo mtakazochanga, hata mia tano kwa wiki kwa wanaoweza, zikae kwenye laini ya simu ya timu au akaunti ya watu wawili, na daftari lisomwe mbele ya wazazi kila mwezi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vikundi vya wanawake, haina riba lakini ni mkopo wa biashara. Akina mama wa timu wanaweza kuukopa kwa mradi wao wa kushona sare, kwa mfano, wauuzie mtaa na timu ipate fungu. Kuukopa ili kununua jezi ni kujitafutia madeni.

Kuisemea timu

Timu ikishasimama miezi mitatu una haki ya kuongea kwenye mkutano wa mtaa. Nenda na karatasi yako ya saa za uwanja, daftari la mahudhurio, na ombi moja linalopimika: taa moja njiani, choo chenye mlango, wasichana kuwekwa kwenye bonanza la kata. Watu wengi huomba "kusaidiwa michezo," na mkutano unawapigia makofi na kwenda zake.

Diwani wa viti maalumu mara nyingi ndiye mlango mwepesi, maana anatafuta jambo la wanawake la kusemea. Mpe maelezo ya ukurasa mmoja, mwalike aje aone mazoezi ya kawaida. Sherehe hazihitajiki. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo ombi la bajeti linalofika Mei limechelewa. Lipitishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla mwaka wa kalenda haujaisha.

Kwa afisa michezo wa halmashauri utakwenda mapema: yeye ndiye atakayekuelekeza kuhusu katiba, usajili wa klabu chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na chama cha mchezo wenu cha wilaya. Usajili unachosha, una karatasi nyingi, lakini bila huo hamuingii mashindano rasmi.

Wakianza kuja kuwachukua wachezaji

Mkifanya vizuri, wageni watakuja. Mwingine ni mwalimu wa shule inayojiandaa na UMISSETA, mwingine ni klabu, mwingine ni "wakala" mwenye tabasamu na namba ya simu tu. Kabla hawajafika, hakikisha kila mchezaji ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwa kuwa mashindano ya umri huanza na cheti na binti mwenye kipaji asiye nacho hubaki nyumbani.

Anayemtaka mchezaji aandike barua yenye mhuri wa klabu: atalala wapi, atasoma shule gani, nani mlezi wake wa kike, nani atalipa akiumia, atarudi lini. Mpigie afisa michezo wa huko anakotoka umuulizie. Mzazi aende pamoja na mtoto safari ya kwanza na akione chumba kwa macho yake. Anayetaka nauli au "ada ya majaribio" kutoka kwa familia hana klabu. Na anayesema lazima binti aondoke kesho asubuhi, bila mzazi, mwambie basi la kesho asubuhi apande peke yake.